Ahadi na Akiba: Mtahiniwa Achukue Mitihani Mingapi?

Yako maswali ambayo huonekana madogo kwa kuwa majibu yake ni tarakimu moja tu. Mtahiniwa wa takwimu bima anapokaa mbele ya fomu ya kujisajili, anachotakiwa kujaza ni idadi: mtihani 1, au 2, au 3, au 4. Hakuna anayemuuliza sababu. Ada ikishalipwa, jina lake huingia katika orodha, na siku ya mtihani huanza kumjia taratibu kama maji yanayojaa. Walakini ndani ya tarakimu hiyo mmekaa suala kongwe la maadili: mwanadamu ana haki ya kuahidi kiasi gani, ilhali hajui kesho itamkuta na nini?

Mtakwimu bima ni mtaalamu anayekadiria mambo ya mbele, kama vile vifo, maradhi, ajali na uzee, akayapa bei leo, ili kampuni ya bima au mfuko wa pensheni uwe na cha kulipa siku deni litakapoiva. Safari ya kuupata utaalamu huo ni ndefu. Chama cha watakwimu bima cha Uingereza, ambacho mitihani yake hufanywa pia na vijana wa Kenya na Tanzania, kilianza mtaala mpya mwaka 2019, na kwa mtaala huo njia ya kufikia daraja la juu ilikuwa na masomo 13. Mitihani yake mingi hufanyika mara 2 kwa mwaka, Aprili na Septemba. Anayechukua 1 kila msimu, na asianguke hata mara moja, atahitaji miaka 6 na nusu. Anayechukua 2 atahitaji miaka 3 na nusu. Anayechukua 4 atahitaji miaka 2 tu. Hesabu hii ya karatasini ndiyo inayowalewesha wengi, kwa kuwa karatasi haina usingizi, haina mzazi, wala haishikwi na homa.

Na achukuliwe, kwa mfano, binti wa Unguja aliyemaliza chuo na kuajiriwa katika kampuni ya bima jijini Dar es Salaam. Amefaulu masomo 3, yamebaki 10. Mama yake yuko Mji Mkongwe, ana ugonjwa wa kisukari, na Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi ana siku yake ya kliniki. Ni binti huyo anayevuka kwa boti mwisho wa wiki, akakaa naye, akampeleka, kisha akarudi kazini. Mdogo wake yuko sekondari, na gharama zake za shule hutoka katika mshahara wa dada. Kila somo analofaulu humsogeza karibu na cheo na mshahara mkubwa zaidi. Kwa hivyo haraka yake si ya kiburi, ina sababu. Na kusita kwake si kwa uvivu. Nyuma ya kila saa atakayoitoa kuna mtu anayeihitaji. Swali la idadi limemkalia yeye, lakini halimhusu yeye peke yake.

Wahenga hawakumwacha bila ya mashauri. Mshika mbili, walisema, moja humponyoka. Na haraka haraka haina baraka. Lakini wao hao ndio waliosema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wako wanaoona mgongano katika methali hizi, wakazidharau kwa hoja kwamba kila moja inakanushwa na nduguye. Hao hawajaielewa kazi ya methali. Methali si sheria inayokata kesi zote kwa hukumu moja. Ni shahidi anayeitwa baada ya kesi kujulikana. Sharti kwanza ijulikane mtu ameshika nini, kwa mkono wenye nguvu gani, na anayengoja ni nani, ndipo ijulikane shahidi yupi asikilizwe. Basi kesi na ichunguzwe.

Watahiniwa wa Marekani wana kanuni yao ya mdomoni: kwa kila saa 1 ya mtihani, saa 100 za kusoma. Mtihani wao wa nadharia ya uwezekano una maswali 30 kwa saa 3. Kwa kanuni hiyo unataka saa 300. Yuko atakayehitaji pungufu na yuko atakayehitaji zaidi, lakini kanuni yatosha kuwa kipimo. Saa 300 zikigawanywa kwa wiki 20 ni saa 15 kwa wiki. Mitihani 2 ya uzito huo ni saa 30. Mitihani 4 ni saa 60, juu ya saa 45 za kazi, kabla mtu hajala, hajalala, hajasali wala hajapanda boti. Wiki ina saa 168, na hakuna fomu ya kuombea nyongeza. Kwa hakika, anayejisajili mitihani 4 aghalabu haongezi saa zake za kusoma; huzigawa zilezile katika mafungu membamba.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kwa saa alizonazo binti yule, akichukua mtihani 1 ana nafasi 7 kati ya 10 za kufaulu. Akichukua 2, nafasi ni 5 kati ya 10 kwa kila mmoja. Akichukua 3, ni 3 kati ya 10. Akichukua 4, ni 2 kati ya 10. Mwanafunzi wa uwezekano atazidisha upesi na kusema: wastani wa mitihani atakayofaulu ni 0.7 kwa uamuzi wa kwanza, 1.0 kwa wa pili, 0.9 kwa wa tatu na 0.8 kwa wa nne. Mitihani 2 imeshinda. Zaidi ya hayo, hatari ya kutoka mikono mitupu kwa mtihani 1 ni 3 kati ya 10, na kwa mitihani 2 ni robo tu, maana nusu ya nusu ni robo. Hesabu yaonekana kumwambia kwamba kuchukua 2 si tamaa, bali ndiyo tahadhari yenyewe.

Lakini hesabu hiyo imenyamaza juu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba nusu ya nusu huwa robo pale tu ambapo mambo mawili hayagusani. Mfanyabiashara wa mwambao wa zamani, aliyekuwa na boriti za mikoko za kupeleka Arabuni kwa pepo za kusi, alijua kuwa si busara kupakia mali yake yote katika jahazi moja. Lakini alijua pia kwamba akizigawa boriti katika majahazi mawili yanayotweka usiku mmoja, kwa njia moja, chini ya wingu moja, hajagawa hatari. Amegawa mbao tu. Dhoruba ikija itayakuta yote mawili. Ndivyo ilivyo mitihani ya msimu mmoja. Malaria ya wiki ya mwisho haichagui somo. Mama akilazwa hospitalini, hazipotei saa za mtihani mmoja zikabaki za mwingine. Mitihani 2 ya msimu mmoja ni majahazi mawili katika kusi moja, na anayeihesabu kama kwamba haijuani amejidanganya kwa kanuni sahihi.

La pili ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa maana ya wastani wenyewe. Kampuni yenye wateja 100,000 huishi kwa wastani. Haijui ni nani atakayefariki mwaka huu, lakini yajua kwa ukaribu ni wangapi. Msiba wa mmoja hufidiwa na uzima wa wengi. Mtu mmoja hana wengi wa kumfidia. Hakuna mtahiniwa aliyewahi kufaulu mitihani 0.9. Aprili hii itatokea mara moja tu, na atakayoipata ni moja kati ya hali chache: yote, baadhi, au hakuna. Hapo ndipo elimu ya uwezekano inapomfikisha mtu mlangoni na kumwachia. Humwonyesha yanayoweza kutokea na uzito wa kila moja; haimwambii ni lipi kati ya hayo analoweza kulibeba, wala nani mwingine atalibeba pamoja naye. Swali la mwisho si la hesabu tena.

Basi ni la nini? Jawabu limo katika asili ya fani yenyewe. Mwaka 1744, huko Scotland, wachungaji wa kanisa waliunda mfuko wa kuwatunza wajane na mayatima wao. Robert Wallace na Alexander Webster walikaa wakahesabu: wachungaji wangapi hufariki kwa mwaka, wangapi huacha wajane, wajane huishi muda gani. Mwanahisabati Colin Maclaurin akazipitia hesabu hizo. Shabaha ilikuwa moja: kiasi kinachokusanywa leo kitoshe kulipa kilichoahidiwa kesho. Mwaka 1762 ikaundwa London jumuiya iliyokuja kujulikana kama Equitable Life, kwa kufuata mawazo ya James Dodson, aliyefariki mwaka 1757 kabla ya kuiona. Nayo ikawatoza watu kwa kadiri ya umri wao. Tangu hapo kiini cha fani hakijabadilika. Kila ahadi iwe na akiba nyuma yake, na akiba hiyo ipimwe kwa mwaka mbaya, si kwa mwaka mzuri. Ahadi isiyo na akiba haiwi ahadi. Ni tumaini lililovishwa joho la ahadi.

Na ni jumuiya hiyohiyo iliyokuja kuutolea ulimwengu mfano wa kinyume. Kati ya 1957 na 1988 Equitable Life iliuza hati za pensheni zilizomhakikishia mwenye hati kiwango maalumu cha malipo ya uzeeni. Riba zilipokuwa juu, dhamana hiyo ilikuwa kama pambo. Hakuna aliyefikiri kuwa itadaiwa. Katika miaka ya 1990 riba zikashuka, watu wakawa wanaishi muda mrefu zaidi, na dhamana zote zikaanza kuuma kwa pamoja. Jumuiya ikataka kuwapunguzia bonasi wale wanaoidai dhamana yao. Julai 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, House of Lords, ikakataa. Desemba ya mwaka huo Equitable Life ikafunga mlango kwa wateja wapya, na mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wamejiwekea ya uzeeni wakaona fungu lao likipungua. Ripoti ya Lord Penrose ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi, kwa miaka, wenye hati walivyotangaziwa thamani kubwa kuliko mali iliyokuwapo.

Linalostahili kutafakariwa hapo ni kwamba kosa halikuwa la watu wasiojua kuzidisha. Walikuwamo mabingwa. Kosa lilikuwa kutoa ahadi nyingi kwa kutegemea kwamba hazitaiva msimu mmoja. Mtahiniwa anayejisajili mitihani 4 kwa kujipa moyo kuwa "mambo yatakwenda" anarudia kosa hilo kwa udogo, na analirudia katika siku zilezile anazojifunza jinsi ya kuliepuka. Usiku anasoma sura ya akiba. Asubuhi anaishi bila ya akiba. Je, elimu ambayo haijaingia katika maisha ya mwenyewe imeingia wapi?

Huenda akajibu kwamba hati za pensheni ni deni kwa watu, na mtihani si deni kwa mtu. Akianguka ameanguka mwenyewe. Jawabu hilo lingekuwa la kweli lau saa zingekuwa zake peke yake. Lakini saa 30 za wiki hutoka mahali. Baadhi hutoka katika usingizi, na hizo ni zake, ingawa mwili nao una haki yake. Baadhi hutoka katika Jumatatu ya kliniki. Baadhi hutoka kwa mdogo wake, aliyezoea kupigiwa simu kila Jumatano na kusaidiwa hisabati. Ada nayo, ambayo chama cha Uingereza huitoza kwa pauni, hutoka katika mfuko uleule unaolipa gharama za shule. Kujisajili mtihani ni kutoa ahadi kwa chama cha mbali. Lakini rehani yake imewekwa kwa mali za watu wa karibu, na aghalabu bila ya kuwauliza.

Tena yako mambo ya kesho ambayo si fumbo, na mtu huyasahau kwa kutopenda kuyaona. Mwaka 2022 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Aprili na kumalizika mwanzoni mwa Mei, hata mtahiniwa Mwislamu wa mwambao akafanya mitihani yake ya Aprili akiwa amefunga. Hilo halikuwa ajali. Kalenda ilikwisha kulitangaza kwa miaka mingi. Mwenye busara huanza kwa kuyahesabu yanayojulikana, yaani mfungo, harusi ya ndugu, hesabu za kufungia mwaka kazini, ndipo ayakadirie yasiyojulikana. Anayeanza na matumaini na kuacha kalenda mwisho ameipindua elimu.

Hata hivyo haitakuwa insafu kuishia hapa, kwani yako makosa ya upande wa pili, na huvaa nguo nzuri zaidi. Kampuni inayojiwekea akiba kupita kiasi haiwi njema kuliko inayojiwekea pungufu. Hulazimika kutoza bei kubwa, na mjane ambaye bima ingemsaidia hashindwi kwa sababu kampuni imefilisika, bali kwa sababu mumewe hakuweza kuinunua. Woga wa kampuni humfikia kwa sura ya mlango uliofungwa. Vivyo hivyo mtahiniwa anayechukua mtihani 1 kila msimu, ingawa ana nguvu ya 2, na akauita woga wake hadhari, anawatoza watu wake bei kubwa: mwaka mmoja zaidi wa kungoja, miaka miwili zaidi, mdogo mtu amemaliza shule kwa shida ilhali shida ingeweza kukoma mapema. Ngoja ngoja haiumizi tumbo la anayengoja peke yake. Fauka ya hayo, yako masomo yanayosaidiana. Anayesoma takwimu na huku anasoma hesabu za uhai na vifo hukuta mlango wa moja ukifungulia nyingine. Na elimu iliyoachwa miaka mingi kabla ya kutumiwa hushika kutu. Wakati mwingine 2 ni nyepesi kuliko 1 na 1.

Ipo pia sababu moja isiyotajwa katika fomu wala katika hesabu, nayo ni macho ya watu. Kutamka "nachukua minne" ni sifa inayopatikana papo hapo, kabla ya kufungua daftari. Wenzake kazini watashangaa, jamaa watasimulia barazani. Kufaulu ni kazi ya miezi, na kwingi hufanyika pasipo shahidi. Kwa hivyo mtu huweza kununua sifa ya leo kwa deni la kesho, na hiyo ndiyo biashara ambayo fani yake iliundwa kuizuia. Kipimo cha hilo si kigumu. Ajiulize: lau hakuna hata mmoja angejua amejisajili mingapi, na lau matokeo yangefika kwake peke yake kwa siri, angejaza idadi ileile? Ikiwa idadi yapungua, kiasi kilichopungua kilikuwa cha watazamaji. Na ikiwa yaongezeka, basi kilichokuwa kikimzuia kilikuwa aibu ya kuanguka mbele ya watu, na aibu nayo si akiba.

Alhasili, hakuna idadi moja iliyo ya haki kwa watu wote. Kijana asiye na wa kumtunza, mwenye mwajiri anayemlipia ada na kumpa siku za kusoma, huenda 3 kwake ikawa ndiyo uadilifu, na 1 ikawa ni kuchezea neema. Mwenye mzazi mgonjwa na mtoto mchanga huenda 1 kwake ikawa ushujaa. Lililo moja kwa wote ni njia ya kuifikia: idadi ile ambayo mtu ataweza kuilipa katika msimu mbaya wa kawaida. Si msimu wa maangamizi, kwa maana hakuna akiba inayotosha kila balaa. Wala si msimu wa ndoto ambao hakuna anayeugua na boti hazichelewi. Ni msimu kama ile mingi iliyokwisha kupita. Na maadamu sehemu ya malipo itatoka kwa wengine, hao nao wana sauti kabla ya fomu kujazwa, si baada ya matokeo.

Binti yule alikuwa ameandika 3 kwa kalamu ya risasi. Jumamosi moja usiku, Mji Mkongwe, baada ya chakula, alimweleza mama yake, naye mama, asiyejua uwezekano ni somo gani, alisikiliza hadi mwisho huku akihesabu kwa vidole. Kisha akauliza, "Hiyo mitatu, mwanangu, na Jumatatu zangu zimo?"

Binti alinyamaza kidogo. "Miwili, mama, zimo. Mitatu, hazimo zote."

"Na huyo mdogo wako?"

"Jumatano yake imo."

"Basi jaza miwili, na mimi usiku nitakuwa nakuamsha."